Namna ya Kulinda Siagi Yako Tarehe 1 Mei

Ukijaliwa ng'ombe kijijini Ayalandi, ujue kwamba tarehe 1 Mei, siku ya Bealtaine, kiangazi kinaanza na ujirani unasimama hadi kesho yake. Wazee wa huko hawakuwa na mzaha na siagi.

Alfajiri wahi kisimani. Atakayekutangulia kuchota ataondoka na neema yako ya mwaka mzima: utasukasuka maziwa hadi bega liteguke, siagi itoke kwake. Njiani nawa uso kwa umande, ngozi ing'ae. Lakini angalia uko wapi. Mwanamke anayekusanya umande kwa kitambaa kwenye malisho ya wenzake hatafuti urembo, anaiba siagi.

Ukirudi nyumbani, funga mkono. Jirani akiomba kaa la moto, maziwa au chumvi, mnyime. Akisema watoto hawajala, mnyime zaidi. Mchawi gani huja bila kisingizio? Akiingia wakati unasuka maziwa, asitoke kabla hajasuka na yeye kidogo. Mila hii naipenda kuliko zote: husuda inakwisha nguvu, na kazi inasogea.

Ukiona sungura ananyonya ng'ombe wako, usiwaze mchuzi. Huyo ni mtu. Mpige risasi ya fedha, fuata damu hadi kibandani, utamkuta bikizee anauguza mguu. Karibu kila mara ni bikizee fukara anayeishi peke yake. Sijasikia sungura aliyegeuka kuwa mwenye shamba.

Tandaza maua ya manjano kizingitini kuwazuia Watu Wema, yaani majini, wanaoitwa hivyo kwa sababu huenda wanasikiliza. Nje, pamba tawi la mti wa miiba kwa maganda ya mayai ya Pasaka. Maua yake meupe usiyaingize ndani, ng'o, yanaita msiba.

Na mti wa miiba uliosimama peke yake usiuguse, hata ukiwa na tingatinga. Mwaka 1999, huko Latoon, kaunti ya Clare, barabara kuu ilitaka kupita juu ya mti wa namna hiyo. Msimulizi wa ngano Eddie Lenihan akaonya hadharani kwamba majini wa mkoa wa Munster hukutana hapo wakienda kupigana na wale wa mkoa wa Connacht. Wahandisi wakarudi kwenye michoro, mti ukaachwa. Kwa hiyo ukisikia barabara inakuja shambani kwako, kabla ya kumlipa wakili, panda mti wa miiba.