Zambarau Haina Kina

Kiswahili kimetudekeza sisi watunga mashairi. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na kina ni silabi tu ya mwisho. Chukua mwezi: papo hapo wanakuja mwizi, machozi na usingizi, yaani habari nzima ya mshahara imejitunga kabla hujashika kalamu. Jasho letu hututoka kwenye mizani.

Sasa binamu yangu anaoza kijana wake, na kamati ya harusi imeniamuru. "Kaka, wewe si mshairi? Tutungie beti mbili za Kiingereza, kuna wageni kutoka Uingereza. Na uitaje rangi ya sherehe." Kana kwamba fundi cherehani akijua kushona suruali, viatu navyo atashona bure!

Rangi yenyewe ni zambarau. "Purple."

Kina cha Kiingereza hakitosheki na silabi ya mwisho. Kinaanzia kwenye irabu iliyokazwa na kuburuta kila kinachofuata. Nimepekua makamusi nikaambulia mawili, yote ya Waskoti. "Curple" ni makalio ya farasi. "Hirple" ni kuchechemea. Kwa hiyo bi harusi wetu aingie ukumbini na zambarau yake ama akiwa na makalio ya farasi, ama akichechemea. Na mama yake mzazi yuko meza ya mbele.

Nikasema nikwepe, nitaje mwezi wa harusi. "Month" haina mwenzake katika maneno ya kawaida! Watu wanalipana mishahara kila mwezi, mwezi wenyewe wameuacha mjane. Nikajaribu rangi nyingine. "Silver" ina "chilver", mwana-kondoo jike, huyo angalau angefaa kwenye mahari. "Orange" ina mlima huko Wales uitwao Blorenge, nao ukumbi tumekodi Sinza.

Vijana wananiambia nimwige rapa Eminem, aliyeonyesha kwenye televisheni mwaka 2010 kwamba "orange" inapata vina tele ukilipinda tamshi na kulikata neno vipande. Akipinda Eminem ni kipaji. Nikipinda mimi, ukumbi mzima utasema mzee Kiingereza kimemshinda.

Nimewashauri wabadili rangi iwe "blue", yenye vina hadi vya kumwaga. Mweka hazina kanijibu vitambaa vimeshakatwa, kisha akaniuliza mbele ya watu mchango wangu unaingia lini.