Barua ya Wazi kwa Shirika la Viwango, Kuhusu Gorogoro

KWA: Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), Nairobi
NAKALA: Mama mkwe yeyote wa Kwanza, Kitale au Bungoma anayehusika
MINT: CHAKULA CHA MAMA ANAYENYONYESHA MTOTO MWENYE MZIO

Gorogoro ni mkebe wa bati unaochukua takriban kilo mbili za nafaka. Kuanzia mji wa Kwanza hadi soko la Chwele kule Bungoma, ndiyo hupima mahindi, wimbi, maharagwe, karanga na unga uliokwisha kuchanganywa. Mikebe mingi ya aina hiyo ilianza maisha ikiwa na mafuta ya kupikia, na maandishi ya kiwanda bado hayajafutika ubavuni. Kwa hiyo si kweli, kama wakosoaji wanavyodai, kwamba chakula cha mashambani hakina lebo. Lebo ipo. Ni ya mafuta yaliyoliwa zamani.

Shirika la Viwango liliundwa mwaka 1974, na kwa upande wa pakiti halina deni kubwa. Kiwango cha Afrika Mashariki kiitwacho EAS 38, kinachofuata mwongozo wa kimataifa wa Codex, kinataka chakula kilichofungwa kitaje viungo vyake, hasa vile vinavyojulikana kuleta mzio: nafaka zenye gluteni, jamii ya kaa na kamba, mayai, samaki, karanga, soya, maziwa, na korosho na wenzake. Tangu 2012, unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani lazima pia uongezwe vitamini na madini. Mama wa Nairobi anayenunua biskuti hugeuza pakiti, akasoma, akajua kama ndani mna maziwa. Mama wa Kwanza anayenunua unga wa uji hujua jina la aliyemuuzia, kwao ni wapi na watoto wake wanasoma shule gani. Akiuliza kilichomo ndani ya unga, hujibiwa kwa fahari: "Iko kila kitu."

Jibu hilo ni sahihi kupita kiasi. Unga wa uji anaopelekewa mama aliyejifungua huanza na wimbi, mtama, mahindi na muhogo, ambavyo havimdhuru mtu mwenye shida ya gluteni. Kisha huja nia njema. Soya huongezwa ili mtoto awe na nguvu, karanga ili uji uwe na ladha, omena iliyosagwa kwa ajili ya mifupa, ngano kidogo ili uji uwe laini, na maziwa ya unga kwa anayejiweza. Kati ya makundi manane ya vyakula yaliyotajwa hapo juu, bakuli moja linaweza kubeba matano. Yanayobaki nje ni mayai, korosho na kaa, na kaa hapatikani Kitale.

Maneno mawili huchanganywa zaidi katika jambo hili kuliko unga wenyewe. Mtu ambaye tumbo lake hukataa maziwa ana shida na laktosi, yaani sukari iliyo ndani ya maziwa. Utumbo huivunja kwa kimeng'enya kiitwacho laktesi, na kwa watu wazima walio wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto. Matokeo ni gesi, msokoto na mbio za choo. Baadhi ya jamii za wafugaji zina bahati nyingine: utafiti uliochapishwa 2007 chini ya Sarah Tishkoff, uliofanywa Kenya, Tanzania na Sudan, ulionyesha mabadiliko ya jeni yanayowawezesha watu kunywa maziwa utu uzima, na mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya Wazungu. Ndiyo sababu birika moja la chai ya maziwa laweza kumburudisha mgeni mmoja na kumtimua mwingine kabla ya maombi ya kufunga. Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shule za msingi mwaka 1979, hayakuuliza tumbo la nani ni la aina gani.

Mzio ni habari nyingine kabisa. Hapo ni kinga ya mwili inayopigana na protini ya maziwa, na mtoto mchanga anaweza kuupata bila kuonja tone la maziwa ya ng'ombe, kwa sababu chembe za protini hiyo hupita kwenye ziwa la mama anayeyanywa. Dalili ni kama kutapika, ukurutu usiopona, au nyuzi za damu kwenye choo. Mtoto wa namna hiyo ni wa kupelekwa kliniki. Kabla hajafika, kikao cha wageni huwa kimetoa hukumu: maziwa ya mama ndiyo mabaya, aachishwe.

Hukumu hiyo ina kasoro ndogo ya hesabu. Mililita 100 za maziwa ya mama zina takriban gramu 7 za laktosi. Za ng'ombe zina karibu 5. Sukari hiyo hutengenezwa na titi lenyewe, na kikombe cha chai hakiiongezi wala hakiipunguzi. Mama anayeacha chai ili kumwondolea mtoto laktosi amejinyima bure. Anayeiacha ili kuondoa protini amefanya jambo la maana, mradi aache na mengine yote yenye maziwa, kwa wiki mbili hadi nne, kisha ayarudishe chini ya uangalizi na kuona kama dalili zitarudi. Watoto wengi huuacha mzio huo kabla ya kuanza shule. Kunyonya hakuna haja ya kukatizwa.

Mursik huwavuruga hata waliosoma. Maziwa yaliyochachuka ndani ya kibuyu yamepungukiwa laktosi, maana vijidudu vimeila, na mama ambaye tumbo lake hukataa maziwa mabichi mara nyingi huyavumilia. Lakini protini imebaki palepale, kwa hiyo kwa mtoto mwenye mzio, mursik ni maziwa yaliyopakwa mkaa. Maziwa ya mbuzi, yanayopendekezwa kwa sauti ya siri, yana protini zinazofanana mno na za ng'ombe.

"Mengine yote yenye maziwa" ni maneno mepesi kuandika Nairobi. Magharibi mwa Kenya, mboga za kienyeji kama saga na managu huchemshwa, zikatiwa maziwa au malai, zikalala usiku kucha ili uchungu uishe. Kesho yake ni mboga tu. Mwenyeji akiulizwa huapa kwamba hakuna maziwa, na hasemi uongo, kwa kuwa hayo si maziwa tena, ni upishi. Chapati huenda zimekandwa kwa majarini yenye protini za maziwa, na maandazi yamekandwa kwa maziwa yaliyobaki asubuhi. Sufuria haina upande wa nyuma wa kusomwa.

Basi hubaki kupika nyumbani. Keki bila maziwa ni jambo dogo: maji au tui hushika zamu yake, na mafuta ya maji zamu ya majarini. Bila mayai, ndizi mbivu iliyopondwa hushikanisha unga, na kijiko cha siki kikikutana na magadi soda hutoa hewa ya kuumua. Taabu huanza ngano inapoondolewa. (Isiondolewe kwa kubahatisha, maana kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki hutaka mtu awe bado anakula ngano.) Gluteni ndiyo wavu unaoinasa hewa, wimbi na muhogo havina wavu, na keki ya unga huo hupanda nusu, hutafakari, kisha hushuka na kumong'onyoka kama udongo wa Kwanza mwezi wa Januari. Hufaa unga wa muhogo uchukue robo, mchanganyiko ulowe nusu saa, keki iwe fupi, sufuria iwe na makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Haikatwi ikiwa moto, hata watoto wakilia.

Kazi hiyo yote huweza kuharibikia kwenye mashine ya posho. Ile ile iliyotoka kusaga ngano ya jirani ndiyo inayopokea wimbi la mama, na vumbi la soya hukaa kwenye mdomo wa mashine likingoja. Wenye uzoefu hutanguliza kilo moja ya mahindi yao wenyewe, wakayapeleka kwa kuku, ndipo wakamimina wimbi. Kuku wa Kwanza ndio idara ya udhibiti iliyo karibu zaidi.

Tumbo la mama nalo lina watetezi. Husemwa kwamba asiyekunywa maziwa hatatoa maziwa, kana kwamba mwili ni tangi linalojazwa kwa juu na kufunguliwa bomba kwa chini. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, na mama kula na kunywa vya kutosha. Kalsiamu anayohitaji, takriban miligramu 1,000 kwa siku, haitoki kwa ng'ombe peke yake: gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300, na omena huliwa na mifupa yake.

Shirika haliombwi kuchapa lebo za gorogoro. Zabuni ingefika mtoto akiwa sekondari. Linaombwa kuagiza kila mashine ya posho iwe na ubao mweusi mlangoni, unaotaja nafaka iliyosagwa mwisho, na kila muuza unga wa mseto aandike juu ya gunia kile ambacho leo hukiita "kila kitu". Chaki itanunuliwa Kwanza.