Mhadhara wa Kihistoria Juu ya Ruta na Fayawoli, Uliotolewa Nyegezi na Bingwa Asiye na Mpinzani

Wenyeviti wa mitaa, wakurugenzi wa steshonari, mameneja wa vibanda vya tiketi pale stendi, viongozi wa SACCOS, na wewe kijana uliyefuata soda: kaeni. Mnayemwona mbele yenu ndiye mtu pekee kuanzia Butimba hadi Mkolani anayetambua kuwa ruta inaumwa kabla haijazimika. Elimu yangu msiitilie shaka. Nimepita chuo kikuu, SAUT. Nilipita getini, kwa bodaboda, nikielekea Luchelele, lakini kupita ni kupita.

Leo nitawafundisha ofisi ndogo inavyochagua ruta na fayawoli. Ofisi yenyewe mnaijua: kompyuta tano, printa moja yenye kiburi, mhasibu, simu za wafanyakazi wote, na shemeji wa bosi anayekuja kupakua filamu.

Kwanza kabisa, hesabu antena. Ruta ya antena mbili ni ya wanyonge. Nne, hapo una maendeleo. Nane, umeshafika ngazi ya wizara. Wabishi watakuambia usome boksi. Haya, boksi limeandikwa AC1200! Mbishi mmoja akanieleza kwamba hiyo 1200 ni megabiti 300 za masafa ya gigahazi 2.4 zikijumlishwa na 867 za gigahazi 5, kisha hesabu ikasukumwa juu kidogo ipendeze. Eti ni sawa na kujumlisha mwendo wa daladala ya Igoma na wa ile ya Buhongwa, halafu ukamwambia abiria kwamba ndio mwendo atakaofika nao nyumbani. Akaongeza kuwa kama kifurushi unacholipia ni cha megabiti 20 kwa sekunde, hata ufunge antena mia, za intaneti utapata hizo hizo 20. Nikamuuliza, wewe umeuza ruta ngapi? Akanyamaza. Hoja ikafia hapo.

Jambo la pili: neti ikikata, nunua ruta mpya. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, neti ilipolala hapa kwetu na kwa majirani. Serikali ikatangaza kuwa nyaya za EASSy na Seacom zimepata hitilafu baharini, huko upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Hadithi za bahari hizo, ndugu zangu. Sisi tuna ziwa. Wiki ile niliuza ruta mpaka zikaisha dukani, na siku chache baadaye neti ya wateja wangu wote ikarudi. Ya wasionunua nayo ilirudi, lakini hao walifaidi jasho langu bure.

Sasa fayawoli. Wapo wanaodai kwamba kile kisanduku mlicholetewa na kampuni ya intaneti tayari kinazuia wasioalikwa kuingia kutoka nje, na kwamba ofisi ya kompyuta tano haina haja ya mtambo wa benki. Mimi nawauzia mtambo wa benki. Una feni mbili, na mgeni akiingia ofisini anausikia kabla hajasalimiwa. Leseni yake hulipiwa kila mwaka. Isipolipiwa, orodha ya virusi na tovuti mbaya haisasishwi tena, ila taa zinaendelea kupepesa. Mteja analipia taa. Sijawahi kupata malalamiko kuhusu taa.

Kuna na hiki kisanduku cha MikroTik, kutoka Riga kule Latvia, ambacho hakina antena hata moja, kina matundu matano tu, na bei yake ni aibu kuitamka mbele ya mfanyabiashara. Eti kinaunganisha laini mbili ili moja ikikata nyingine ishike, kinampimia shemeji megabiti zake, na kinamtenga mhasibu na kila mtu. Kasoro yake ni kwamba kinamtaka mtu anayejua anachofanya. Ndipo ninapoingia mimi. Kile kilichoko juu ya kabati hapo nimekifunga kwa mikono yangu. Lango lake la usimamizi huwa naliacha wazi kwa dunia nzima, ili nikiwa nyumbani kitandani niweze kukihudumia.

Mtasema ni hatari. Mwaka 2018 ruta zisizopungua 500,000 katika nchi 54 zilivamiwa na programu iliyoitwa VPNFilter; MikroTik, Linksys, Netgear na TP-Link zote zilikumbwa. FBI ya Marekani ikawaambia nini wananchi? Zimeni ruta, ziwasheni tena. FBI! Huduma hiyo mimi naitoa hapa Nyegezi kwa shilingi elfu thelathini, nauli juu yako. Kwamba MikroTik walikuwa wamelitangaza toleo la kuziba tundu walilopitia wavamizi tangu Machi 2017, wakaumia wale ambao hawakusasisha, hilo sikuona haja ya kuwachosha nalo wateja.

Nywila huwa naacha ya kiwandani. Mwaka 2016 programu ya Mirai iliteka kamera na ruta duniani kwa kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60. Sitini tu! Wale ni wanagenzi. Mimi nazijua zaidi ya hizo.

Radi nitaigusa kwa masikitiko. Mnajua mvua ya usiku ikitokea ziwani inavyokuja: bati linatetemeka, TANESCO wanakata, halafu radi inashuka na waya wa shaba kutoka antena ya paani mpaka mezani kwa mhasibu. Hakuna fayawoli duniani yenye sheria ya kuzuia radi. Asubuhi ruta inanuka kuungua, na mimi nipo mlangoni na mpya. Lakini kuna kijana huko Mkolani anafunga waya wa ethi, anaweka kifaa cha kukinga radi kwenye waya wa paani, na UPS ndogo chini ya meza. Wateja wake hawanunui ruta mpya. Kijana huyo analiua soko.

Naam, binti wa SAUT uliyekaa nyuma. Marahaba. Unasema Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na unauliza kama SACCOS wasitenge Wi-Fi ya wageni na kompyuta ya mhasibu. Swali refu. Jibu: mgeni ni baraka, na sisi huku kwetu hatuwatengi wageni.

Bado umesimama? Unasema kisanduku cha kabatini kinafunguka kwa 192.168.88.1, jina admin, nywila hakuna, na kwamba umo humo tangu nilipokuwa kwenye antena? Binti, simu chini. Na ninyi wengine msiangalie simu zenu. Nani amebadilisha jina la mtandao likawa PROFESA_WEKA_NYWILA? Mwenyekiti, usicheke. Hili ni onyesho nililoliandaa mwenyewe kwa faida yenu, na litaingia kwenye ankara. Binti, hebu pita huku mbele uniandikie hiyo nywila mpya kwenye karatasi, usiitaje kwa sauti. Halafu, mwanangu, una ajira?