Kiboko Wangu Yuko Kazini

Keroka, upande wa Nyamira
(ukivuka barabara, Kisii)

Kwa Mkuu wa Idara ya Teknolojia,
Makao Makuu, Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: KUKATWA KWA MFANYAKAZI ANAYEFIKIRI

Nakusalimu kwa heshima zote, tena haraka haraka, kabla hujanikata.

Vitabu vya hesabu vya shirika letu viko kwenye seva huko kwenu, nami huku huvifikia kupitia kompyuta ya mbali. Nikiandika, tunaelewana. Nikiinamia risiti za wakulima wa chai nizijumlishe kwa kalamu, dakika 15 zikapita bila kugusa kipanya, seva huamua kwamba mimi ni mzembe. Kikao hufungwa, na jedwali ambalo sijalihifadhi huenda na maji. Kijana wako wa msaada aliniambia nizime kompyuta, niiwashe tena. Niliizima. Ikawaka. Nikakatwa.

Ndipo nikatafuta dawa ya kienyeji. Nina kiboko wa kuchongwa, wa jiwe la Tabaka, mzito na mwenye haya. Nimemkalisha juu ya kitufe cha mshale. Mheshimiwa, kiboko huyu hajawahi kukatwa. Hajui deni wala mkopo, hajasawazisha hesabu hata moja, lakini mitambo yako inamtambua kuwa mchapakazi. Mwenzangu wa Nyansiongo huweka kipanya chake juu ya saa ya mkono. Mshale wa sekunde ukizunguka, kielekezi nacho hutikisika kwenye skrini, na mwenyewe ameenda zake sokoni, yuko kazini. Napendekeza kiboko na saa wapandishwe cheo.

Sababu ya kanuni yako naijua. Kompyuta ikiachwa wazi kwenye saiba mjini Kisii, mpita njia ataweza kusoma hesabu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haina mzaha. Lakini mwizi akiingia kwangu leo atamkuta kiboko zamuni na mlango wazi. Kufuli lako limetufundisha kulala bila kufunga.

Kwa kuwa fundi wako ana shughuli nyingi, uchunguzi nimemfanyia mimi. Kukatwa kwetu ni kwa namna mbili. Siku nyingine hutokea onyo la kunipa dakika 2 niguse kitu. Huo ni mpaka mliouweka ninyi wenyewe kwenye seva. Siku nyingine skrini huganda bila kwaheri. Hapo mkosaji ni kifaa cha mtandao kilicho njiani, ambacho husahau muunganisho uliokaa kimya. Kwa kawaida itifaki ya TCP hungoja saa 2 ndipo ibishe hodi kuuliza kama mwenzake bado yupo, na ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2008 unavitaka vifaa vya namna hiyo vivumilie angalau saa 2 na dakika 4. Chenu hakina subira hiyo. Iwekeni seva itume salamu kila baada ya dakika moja, nacho kitaamini kwamba tungali hai.

Lakini kama unaiona kanuni yako ya kukata asiyegusa kuwa njema, basi na ienee. Ugomvi wa Kisii na Nyamira juu ya mji huu wa Keroka umekaa mezani tangu kaunti zianze mwaka 2013. Sijasikia aliyekatwa kwa kutougusa. Kuna ofisi za umma ambamo kiti kimevikwa koti tangu asubuhi, mwenyewe haonekani, na koti linahesabiwa liko kazini. Ofisi hizo nazo zizimiwe taa kila baada ya dakika 15, tuone nani atabaki.

Kwangu mimi, ombi ni dogo. Ongeza muda. Na muda ukiisha, nitenganishe tu, usinifungie kikao: kilichotenganishwa hubaki kwenye seva na kazi yangu yote, kikinisubiri nirudi na nywila, kilichofungwa huizika. Hapo mwizi atakuta mlango umefungwa, nami nitakuta hesabu zangu.

Nasubiri jibu lako. Zikipita dakika 15 bila kidole chako kugusa kibodi, nitafuata kanuni yako mwenyewe: nitajua kwamba ofisini hamna mtu.

Wako mtiifu, hata ninapofikiri,

Mhasibu wa Mbali

Nakala kwa: Kiboko, Kitufe cha Mshale.