Wati Mia na Kilima cha Nyamiaga

Ngara ni nchi ya vilima: nyumba na migomba huku juu, maji kule bondeni. Ndiyo maana mzee mmoja wa Nyamiaga aliporudi na pampu ya sola pamoja na paneli ya wati 100, watoto wake walitangaza kustaafu kuchota maji siku hiyohiyo.

Hesabu ya mzee ilikuwa fupi. Paneli ya namna ile kwa jirani iliwasha taa, redio na kuchaji simu za nusu ya kitongoji, maji yangeishindaje?

Yaliishinda. Asubuhi pampu ilinguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Mchana, jua likiwa utosini, mpira ulitoa maji ya kunawia mikono. Jirani akashauri paneli ioshwe. Ikaoshwa, kwa maji ya ndoo, na wastaafu ndio walioyapandisha.

Fundi alipofika hakuigusa paneli.

“Mzee, shikamoo. Kutoka maji yalipo hadi juu ya tanki ni mita ngapi?”

“Marahaba. Si mbali, kijana wangu.”

Kamba ikasema mita 30. Na tanki la lita 5,000 mzee alitaka lijae kila siku.

Kupandisha mzigo huo ni kazi ya wati-saa 410 hivi, kama pampu haipotezi chochote. Lakini pampu ndogo hupoteza sana; ikitumia vizuri asilimia 40 tu ya umeme inaopewa, itadai wati-saa 1,020 na ushee. Gawa kwa saa tano za jua kali, ni wati 204. Ongeza theluthi ya vumbi, joto na mawingu, unafika 272. Hapo ni paneli za jumla ya wati 300, wala si uchoyo wa fundi. Tena wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa seli zikiwa na nyuzi joto 25, na juu ya bati la mchana hakuna ubaridi huo.

Mzee akaongeza paneli mbili, akazificha migombani wezi wasizione. Jua nalo halikuziona. Kivuli cha jani moja kikikalia safu ya seli, theluthi ya umeme wa paneli inaweza kupotea. Fundi akazihamishia peupe, akaziinamisha kidogo kuelekea kaskazini, maana Ngara iko kusini mwa ikweta, na mteremko huo huiachia mvua kazi ya kuziosha.

Nawe unayekwenda dukani, beba urefu wa kamba yako na lita unazotaka kwa siku. Muuzaji akianza kukuuliza una shilingi ngapi, mwambie asubiri kwanza.