Mzee, Usikaze!

Pale kwenye kijiwe cha bodaboda cha Soni nimeshapewa sifa. Mimi ni abiria mgumu. Si mgumu wa kulipa, maana nauli natoa kabla sijavua helmeti. Ugumu wangu, wanasema, uko mgongoni. Eti kona ikifika mimi nakaza: pikipiki inataka kulala kushoto, mimi nimesimama wima kama niliyesikia wimbo wa taifa. Sifa hiyo imeenea. Siku hizi nikitokea tu, vijana wanainama kukagua minyororo ambayo asubuhi nzima hawakuikumbuka.

Kwa asiyeijua barabara yetu: kutoka Mombo hadi Lushoto, kupitia Soni kwetu, ni kilomita 30 na ushei za lami nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa milima ya Usambara. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Wajerumani ndio walioanza kuichonga, na ukiipita utadhani mafundi walikuwa wakilipwa kwa idadi ya kona. Malori ya kabichi na nyanya yanashuka kuelekea Dar es Salaam, Coaster zinapanda zikiwa zimeinama upande, na katikati ya hayo yote napita mimi nimekumbatia kiuno cha kijana wa watu, nikienda Mombo kupimwa presha. Nikifika, presha yenyewe ndiyo hiyo. Daktari ananiuliza kama natumia chumvi nyingi. Nimjibu nini?

Utasema nipande Coaster. Coaster inangoja ijae, na hakuna mwanadamu aliyewahi kuiona imejaa machoni pa konda.

Sasa, kwa jambo moja vijana wana haki, na linanikera kulisema. Abiria anayekaza ni tatizo kweli. Pikipiki haigeuki kwa kuzungusha usukani tu kama gari, inageuka kwa kulala. Uzito wa abiria uko juu na uko nyuma, hivyo nikibaki wima au nikiegemea nje ya kona, dereva analazimika kuilaza pikipiki zaidi ili apate kona ileile. Dawa yake ni rahisi mno: abiria atazame mbele kupitia bega la dereva lililo upande wa ndani wa kona. Ikiwa ni kona ya kushoto, bega la kushoto. Mwili utafuata wenyewe bila kuambiwa. Hakuna kujirusha wala kujikunja.

Lakini kulegea kunataka imani, na imani haiuzwi kijiweni. Nimlegeleeje mtu ambaye kona imeshafika naye ndiyo kwanza anahama gia? Mimi nakaza kwa sababu naona. Ningekuwa sioni, ningelegea vizuri sana, wangenisifu.

Kazi yote ya kona hufanyika kabla ya kona. Ndiyo siri nzima, na haihitaji leseni kuielewa. Unafunga breki ukiwa bado umenyooka, unashuka gia, unachagua sehemu yako ya barabara, ndipo unailaza ukiwa na mafuta kidogo mkononi, yasiyopungua wala kuzidi, mpaka uione njia ya kutokea. Basi. Vijana wetu wameigeuza. Wanaingia na mwendo wote waliopewa na mteremko, halafu katikati ya kona, pikipiki ikiwa imelala, ndipo wanakumbuka kwamba walizaliwa na mama. Hapo mkono unakamata breki ya mbele. Pikipiki iliyolala ukiifunga ghafla breki ya mbele, kama haikuteleza, inajiinua yenyewe na kutaka kwenda moja kwa moja, na huko moja kwa moja ndiko liliko korongo. Akiikanyaga ya nyuma kwa pupa, tairi linagoma kuzunguka, mkia unatafuta njia yake. Mimi niko kwenye mkia.

Na hilo ni dogo. Kubwa ni frii.

Tukipita tu mahali mteremko unapoanza kunoga, kijana anaweka frii na kuzima injini. Ghafla kimya. Nasikia ndege, nasikia moyo wangu. Mara ya kwanza nilidhani pikipiki imekufa, nikauliza kwa upole, "Mwanangu, imezima?"

"Nimeizima mimi, Mzee. Tunabana mafuta."

Tunabana! Nauli natoa ya kwangu kamili, petroli inayobanwa inabaki kwenye tenki lake, lakini kwenye hatari tuko wote. Nikamweleza kwamba injini ikiwa kwenye gia inaizuia pikipiki isikimbie, ni breki ya bure. Ukiiondoa, zinabaki breki za magurudumu peke yake, nazo zikibebeshwa mlima mzima zinapata moto, na breki yenye moto hushika siku inapojisikia. Tena pikipiki isiyovutwa na injini haitulii kwenye kona. Inayumba tu na uzito wake. Akanisikiliza kwa heshima zote. Kisha akaniambia mafuta yamepanda bei.

Nimejaribu pia hesabu. Nilikaa nao kwenye benchi pale kijiweni, nikachukua karatasi. Tuseme kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, na zetu nyingine ni kali kuliko hapo. Ukiipita kwa kilomita 36 kwa saa, pikipiki inapaswa kulala nyuzi 27 hivi kutoka wima. Ni nzuri, chai haimwagiki. Ukiipita kwa kilomita 50 kwa saa, inapaswa kulala karibu nyuzi 45. Umeongeza kilomita 14 tu, lakini mshiko unaodaiwa kwenye matairi umekaribia mara mbili, kwa sababu nguvu hii inakwenda na mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa nyuzi 45 tairi linatakiwa kuing'ang'ania lami kwa nguvu inayokaribia uzito wote wa pikipiki, dereva, mimi na gunia la viazi lililofungwa kwenye kareia. Na sehemu ya tairi inayogusa lami haizidi kiganja cha mkono. Nikawauliza: tairi lenyewe likiwa kipara je? Asubuhi ukungu umelowesha lami je? Lori limemwaga dizeli na majani ya kabichi je?

Kimya. Nikadhani yamewaingia. Mmoja akasema, "Mzee, hizo za darasani. Huku barabara tunaijua."

Halafu akatoa simu anionyeshe elimu yake. Ilikuwa video ya MotoGP. Jamaa wamevaa ngozi mwili mzima, pikipiki zimelala nyuzi zaidi ya 60, viwiko vinasugua lami. Benchi zima likaguna kwa mapenzi. Nikawaambia, watoto wangu, hebu tuitazame vizuri hii video. Kwanza, matairi ya hawa kabla ya mbio yanafunikwa blanketi la umeme ili yapate joto na kunata. Blanketi la umeme! Mimi nakaa Soni, Julai naamka meno yanagongana, sijawahi kufunikwa blanketi la umeme. Pili, wote wanaelekea upande mmoja. Hakuna hata kona moja ambayo bingwa ameilaza mpaka kiwiko, kisha akakutana uso kwa uso na Fuso la kabichi. Hakuna mbuzi. Na akianguka, kuna uwanja wa kokoto umeandaliwa wa kumpokea taratibu, na gari la wagonjwa limeshawashwa. Sisi tumeandaliwa nini? Mkaratusi.

Wakasema mimi napenda kuharibu starehe.

Jambo la Fuso linanipeleka kwenye ugonjwa mwingine, wa kunyoosha kona. Kona ya kulia ikija, kijana anaona uvivu kuifuata, anakata ndani, anavuka mstari wa katikati, anaokoa mita kadhaa ambazo sijui huwa anazipeleka wapi. Sisi tunaendesha kushoto. Kona ya kulia unatakiwa uikaribie ukiwa upande wa kushoto wa njia yako, uione mapema. Ya kushoto unaisogelea ukiwa upande wa katikati, uchungulie mwamba unaficha nini. Lakini usiuguse mstari, na ukumbuke kwamba pikipiki ikilala kuelekea katikati ya barabara, magurudumu yanaweza kuwa kwako na kichwa kikawa kwa jirani. Kichwa cha abiria pia. Kipo, ingawa hakihesabiwi.

Nikilalamika, jibu ni moja: "Si nimepiga honi?"

Honi! Huku kwetu honi imechukua kazi ya macho. Ukishapiga umemaliza wajibu wako, aliyeko upande wa pili na ajijue. Na aliyeko upande wa pili naye anapiga ya kwake wakati huohuo, na kila mmoja anasikia honi yake mwenyewe, anaridhika kwamba amesikika. Kanuni ya watu wenye akili ni kwenda kwa mwendo unaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona ni mtupu. Kwenye kona inayofichwa na mwamba, umbali huo ni mfupi. Kwa hiyo mwendo uwe mdogo. Sentensi yenyewe fupi hivyo, lakini kuitamka ukiwa nyuma, na upepo unaingia mdomoni, haifiki mbele.

Kuhusu macho yenyewe. Pikipiki inaelekea dereva anakotazama. Akilikazia macho shimo, analiingia. Akilitazama korongo kwa hofu, ndiko anakokwenda. Anapaswa kutazama mwisho wa kona, kule anakotaka kufika, na mikono itatii. Wangu mimi anatazama wapi? Ananitazama mimi. Ana tabia ya kugeuka nyuma kunijibu, maana amelelewa vizuri, hasemi na mtu mzima amempa kisogo. Nimejifunza kutomuuliza chochote kati ya Soni na Mombo. Hata akinisalimia mapema nampa "marahaba" moja ya kutosha safari nzima.

Cha kushangaza ni kwamba mikono yao inajua mambo ambayo midomo haijui. Muulize dereva yeyote anakataje kona ya kushoto, atakwambia anageuza usukani kushoto, au anailaza kwa kiuno. Sivyo. Pikipiki ikishashika mwendo, ili ilale kushoto mkono wa kushoto unausukuma usukani mbele kidogo, maana yake gurudumu linaelekea kulia kwa nukta moja, ndipo pikipiki inaangukia kushoto na kuanza kugeuka. Wilbur Wright, yule wa ndege, ambaye yeye na mdogo wake walikuwa na duka la baiskeli huko Dayton, Ohio, alilitambua hili. Aliwauliza waendesha baiskeli wengi wanageukaje, asimpate hata mmoja wa kumweleza sawasawa. Wote walikuwa wakilifanya kila siku bila kujua. Kijana wangu nilipomweleza alikataa katakata, kisha akatafakari, kisha akataka kunithibitishia palepale kwamba nakosea. Nikamwambia athibitishe peke yake, mimi nitamtazama nikiwa nimesimama chini.

Alikwenda, akarudi, akakaa kimya. Jioni nikasikia anawafundisha wenzake. Jina langu halikutajwa.

Pale kijiweni yuko dereva mmoja tu ninayempanda kwa hiari, mtu wa makamo, mwenye wajukuu. Huyu anapunguza mwendo kona ikiwa bado mbali. Anaingia polepole, anaiacha ijifungue, ndipo anaongeza mafuta taratibu. Kwake silazimiki kukaza, na nikisahau nikakaza hanisemi. Kasoro yake ni kwamba hana wateja. Abiria wa Soni wanamkwepa, wanasema anachelewesha. Wanapanda na wale wa video, kisha wanaketi Mombo kungoja basi la Dar saa nzima. Kwa hiyo nikimhitaji sharti nimfuate shambani kwake, nimngoje amalize maharage, nami nafika kliniki wa mwisho, presha imeshuka, daktari ameshaondoka.

Majuzi akaniambia anaiuza pikipiki. Amechoka kukaa bure. Anachukua bajaji, apige safari fupifupi za pale mjini Lushoto.

Nikafurahi kwa dakika moja hivi. Bajaji ina paa, ina kiti, haina mambo ya kulala. Kisha lile neno likanirudia: haina mambo ya kulala. Chombo cha tairi tatu hakiwezi kuinamia ndani ya kona, kwa hiyo kona ikikazwa kinataka kuinuka tairi la ndani na kupindukia nje. Nikamuuliza amelifikiria hilo.

"Nimelifikiria sana, Mzee mwenzangu," akasema. "Wewe utakaa upande wa ndani wa kona, uikandamize."

"Upande wa ndani ni upi?"

"Inategemea kona."

"Na zikifuatana, moja kushoto moja kulia?"

"Utahama."