Likizo ya Ufukweni, Kaskazini mwa Kitale

Kupatwa kwa jua kwa tarehe 3 Novemba 2013 kuliangukia Jumapili, na mwalimu mmoja wa jiografia mjini Kitale aliliona hilo kama barua ya ruhusa kutoka mbinguni. Vipindi havikuwapo, ibada ya kwanza ingemalizika mapema, na shemeji yake wa Bungoma alikuwa na pikapu. Kilichobaki ni kuchagua ufuo.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mtu wa Bungoma ukimtajia likizo ya ufukweni, akili yake hupanda basi la usiku hadi Mombasa: madafu, viazi karai, picha moja juu ya ngamia. Shemeji alikuwa ameshapiga hesabu ya nauli, na mkewe ameshashonesha dera, kabla mwalimu hajafungua ramani. Ramani ilikuwa na maneno yake. Kivuli cha mwezi kingevuka Gabon na Kongo, kipite Pakwach kaskazini mwa Uganda, kikatize Ziwa Turkana, kiingie Ethiopia na kuzama pamoja na jua huko Somalia. Mombasa ilikuwa mbali na njia hiyo kuliko Kitale. Yaani familia ingesafiri zaidi ya kilomita 800, kwa pesa yake, ili kuona jua likimegwa kidogo kuliko litakavyomegwa uani kwao, bure, mbele ya mahindi yaliyoanikwa.

"Sasa mulamwa," shemeji aliuliza kwenye simu, "tunaenda bahari gani?"

Turkana si bahari, ingawa wageni hupenda kuliita hivyo kwa ajili ya rangi yake ya kijani. Ni ziwa la jangwani, refu la karibu kilomita 250. Maji yake mengi huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na hakuna mto unaoyatoa. Hubaki hapo yakichomwa na jua mpaka yanaonja magadi. Mchanga upo, mawimbi yapo, upepo ndio usiseme. Mamba nao wapo, na Kisiwa cha Kati kinajulikana duniani kwa wingi wao. Mke wa shemeji alipofikishiwa habari hiyo ya mwisho alilirudisha dera sandukuni.

Kinachochekesha ni kwamba Kitale ndiyo mlango wa ziwa hilo. Unga, blanketi, mabati, walimu wapya waliopangiwa kazi mbali: karibu kila kinachokwenda Lodwar kwa barabara kutoka kusini hupitia hapa, kisha Kapenguria, Marich, Kainuk na Lokichar. Watu wa mjini huyaona malori hayo kila asubuhi, na ni nadra mmoja wao kukumbuka kwamba mwisho wa safari ile kuna ufuo. Pengine wanajua barabara. Lami yake iliwekwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Norway, na kufikia 2013 mashimo yalikuwa mengi kiasi kwamba madereva walipata nafuu kupita kando yake. Kuna vipande, hasa karibu na Kainuk, ambavyo magari yalisubiriana ili yasindikizwe na polisi. Kilomita kama 300, na hakuna aliyethubutu kuzigeuza kuwa saa.

Mwalimu alichukua rula. Kambi kubwa za watalii zilikuwa zinawekwa Hifadhi ya Sibiloi, jirani ya Koobi Fora kunakochimbuliwa mabaki ya watu wa kale. Akapiga mstari kutoka Kitale. Mstari ulikwenda vizuri hadi ukingoni, ukaingia majini, ukatokea upande wa pili. Sibiloi iko mashariki mwa ziwa. Barabara ya Kitale inafika magharibi. Waliokwenda kule kutoka Nairobi wengi walikodi ndege ndogo. Shemeji alikodi kimya.

Tena ilikuwa Novemba. Trans Nzoia na Bungoma zilikuwa zinavuna, na pikapu yoyote yenye magurudumu manne ilikuwa na mwenye mahindi anayeingoja. Mtihani wa KCSE nao ulikuwa ukiendelea, na mwalimu alitakiwa kusimamia Jumatatu asubuhi. Giza lenyewe huko Turkana lingedumu sekunde zisizofika ishirini. Ncha ya kivuli cha mwezi iligusa ardhi kule kwa shida. Kilomita 600, kwenda na kurudi, kwa muda ambao mtu hutumia kutafuta chenji mfukoni! Safari ikafa bila mazishi.

Kulitazama jua kutoka nyumbani kulikuwa na mikosi yake. Mwalimu alikwenda kwa mafundi wa jua kali kuazima kioo cha kuchomelea, akielewa kwamba kinachofaa kulitazamia jua ni kile cheusi kabisa, namba 14. Fundi alimkabidhi miwani ya plastiki aliyokuwa ameivaa mwenyewe akichomelea geti. Shemeji, kwa upande wake, alipata jedwali lililoandika saa 14:25, akasimama nje Bungoma tangu saa nane na robo mchana akilipa jua mgongo na kutazama kivuli chake mwenyewe. Ilikuwa saa ya Greenwich. Jua lilikuwa na ratiba ya saa kumi na moja na dakika ishirini na tano jioni, na halikuona sababu ya kuharakisha. Mama mkwe alitaka kujua jambo moja tu: kama litarudi kufikia Jumatatu, maana mahindi hayajakauka.

Mkombozi alikuwa chekeche la jikoni. Ukilishika juu ya karatasi nyeupe, kila tundu hutupa sura ndogo ya jua, na jua likiwa limemegwa unapata hilali kwa dazeni. Halichomi jicho, na baadaye linachekecha unga.

Habari za Sibiloi zilifika jioni ya pili yake. Dhoruba ya mchanga, ikifuatwa na mawingu ya mvua, iliwavamia watazamaji pale ufuoni na kuwaharibia wengi wao tamasha. Shemeji alipiga simu mara moja kupongeza uongozi wa msafara.

Haikuwa mara ya kwanza ziwa hilo kupokea wageni wa aina hiyo. Tarehe 30 Juni 1973, lilipokuwa bado likiitwa Rudolf, wanasayansi walipiga kambi Loiyangalani kwa ajili ya giza lililodumu dakika kadhaa. Siku hiyohiyo ndege ya Concorde ilikifukuza kivuli juu ya Sahara, na abiria wake wakakaa gizani dakika 74. Mwalimu alipomsimulia, shemeji aliuliza kama ilibeba na mzigo.

Sasa wamepata tarehe nyingine. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kitapita Misri na Saudia. Luxor na Jeddah zitakuwa gizani yapata dakika sita, na Jeddah ni bahari ya kweli, Bahari ya Shamu, isiyohitaji Kainuk. Kenya itaambulia kipande tu. Mwalimu ameshaanzisha akiba. Dera limetoka sandukuni likapigwa pasi, na mwenye dera ameuliza mara mbili kuhusu mamba.

"Ni siku gani hiyo?" aliuliza shemeji.

"Jumatatu."

Kukawa na kimya upande wa Bungoma, kisha kurasa za kalenda zikasikika zikifunuliwa.

"Mulamwa, Jumatatu mimi nina soko. Hawawezi kuisogeza hadi Jumanne?"